Je, Ufaransa kabla ya Mapinduzi sheria ilimkataza mtu wa kawaida kuvaa hariri?

"Ninafundisha Historia sekondari, na kikundi chetu cha maigizo kinaandaa igizo kuhusu Ufaransa kati ya mwaka 1788 na 1793. Mavazi tumeyagawa hivi: makabaila wavae hariri, dhahabu na mawigi meupe; Tabaka la Tatu lote livae magunia yaliyochanika. Mwalimu mwenzangu anasema ndivyo sheria ilivyotaka, kwamba asiye kabaila akionekana na hariri alikamatwa. Lakini katika mchoro mmoja wa zama hizo nimemwona mjakazi amevaa gauni la hariri ya mistari. Je, mchoro umekosea? Na kama sheria hiyo haikuwepo, watu walijuaje nani ni nani? Wahusika wetu ni wanane: duke, mkewe, mwanasheria, mke wa mwenye duka, mjakazi wa duchess, mtumishi wa mlangoni, mfanyakazi wa karakana na mkulima. Tuna fundi mmoja wa cherehani na fedha kidogo."

Mwalimu, nadhani nimekuelewa. Unataka mtazamaji amtambue kila mhusika mara tu anapoingia jukwaani, na hutaki kurahisisha mpaka ufundishe kisichokuwa kweli. Hapo umewaza vizuri. Mchoro wako haujakosea. Mjakazi wa Paris mwaka 1788 aliweza kuvaa gauni la hariri, akapita barabarani mchana kweupe, na hakuna askari aliyemgusa. Kinachoharibu igizo ni yale magunia. Tabaka la Tatu lilikusanya kila asiyekuwa kasisi wala kabaila: mkulima wa viatu vya mbao, ndiyo, lakini pia mwanasheria wenu, daktari, mwenye benki, na mfanyabiashara wa mji wa bandari wa Bordeaux aliyekuwa na mali kuliko makabaila wengi wa vijijini. Ukiwavika wote magunia, mwanafunzi hataelewa kwa nini mwaka 1789 waliosimama mbele kudai haki walikuwa watu wenye elimu, fedha na koti safi.

Habari ya sheria aliyoisikia mwenzako ina chanzo chake, ila imechelewa. Wafalme wa Ufaransa walitoa amri za mavazi tangu karne ya 13, mojawapo ikiwa ya mwaka 1294, enzi za Philippe wa Nne, zikisema nani asivae manyoya gani na nani asishone nguo zaidi ya ngapi kwa mwaka. Amri za namna hiyo zilirudiwa kwa zaidi ya karne nne, na kule kurudiwa tu kunaonyesha jinsi watu walivyozipuuza. Za mwisho zilitoka karibu na mwaka 1720, kisha serikali ikaachana nazo. Mtu aliyezaliwa Paris mwaka 1750 alikua, akaoa na kuzeeka bila kuona amri mpya ya kumzuia kuvaa hariri kwa sababu ya ukoo wake.

Marufuku kubwa ya kitambaa katika zama hizo ilihusu pamba. Kuanzia mwaka 1686 hadi 1759 ilikatazwa kutengeneza, kuuza na kuvaa chiti, yaani pamba yenye maua ya kupaka rangi au kupiga chapa, iliyoanzia India. Ukanda wa Gujarat uliopeleka vitambaa Ulaya ndio huohuo uliojaza majahazi yaliyokuja Kilwa na Mombasa, kwa hiyo msomaji wa pwani ataitambua bidhaa hii. Marufuku ililenga kuwalinda wafumaji wa hariri na sufu wa Ufaransa, na ilimhusu kila mtu, tajiri na maskini. Hata hivyo mabibi wa ngazi za juu walizidi kuivaa chiti majumbani mwao.

Yapo pia makatazo machache yaliyogusa cheo moja kwa moja. Upanga kiunoni ulikuwa alama ya kabaila na ya askari. Mtumishi wa nyumbani alikatazwa kubeba silaha. Ikulu ya Versailles nayo ilikuwa na mavazi yake rasmi, nitayafikia. Nje ya hapo, kazi ya kuwatenga watu iliachiwa bei, sabuni, mshoni na jicho la jirani.

Tuanze na bei, kwa sababu usipoielewa bei ya kitambaa mengine yote yatakupita. Leo gharama kubwa ya nguo nzuri mara nyingi ni mkono wa fundi. Wakati ule kitambaa kilikuwa ghali na kazi ya kushona ilikuwa rahisi. Fedha yao, livre 1, iligawanywa katika sou 20. Kibarua wa Paris katika miaka ya 1780 alipata kama sou 20 hadi 30 kwa siku, na mkate wa ratili 4 ulimla sou 8 au 9 wakati wa kawaida, ukapanda hadi sou 14 na nusu katikati ya mwaka 1789. Wanahistoria wamehesabu thamani ya nguo kwa kusoma orodha za mali ambazo mawakili wa mirathi waliandika mtu alipofariki, shati kwa shati. Karibu na mwaka 1700, nguo zote za familia ya mfanyakazi wa ujira zilikadiriwa kwa wastani livre 42 hivi. Kufikia 1789 zilifika livre 115 hivi, ujira wa miezi mitatu hadi minne. Kwa makabaila wa Paris zilipanda kutoka takriban livre 1,800 hadi 6,000. Zingatia mambo mawili hapo. Pengo lilibaki kubwa mno. Na kila tabaka, hata la chini, lilikuwa linavaa zaidi na vizuri zaidi kuliko babu zake.

Kwa kuwa thamani ilikuwa ndani ya kitambaa, nguo ilikuwa akiba. Gauni la duchess lilikatwa kwa uangalifu: vipande virefu vya hariri yenye upana wa nusu mita tu viliachwa vizima, vikakunjwa marinda makubwa mgongoni na kushonwa kwa mishono mirefu, ili siku ya siku lifumuliwe na kushonwa upya kwa mtindo mwingine. Duchess akilichoka, kwa desturi lilimwangukia mjakazi wake wa chumbani, na lilihesabika kama sehemu ya malipo yake. Mjakazi alichagua: alivae, alipunguze, au aliuze. Wanunuzi walikuwepo tele. Paris ilikuwa na wachuuzi wanawake waliopita nyumba kwa nyumba, maduka ya nguo kuukuu karibu na soko kuu la Les Halles, na mnada wa wazi uliofanyika kila Jumatatu katika uwanja wa Grève. Kuanzia mwaka 1777 palikuwa pia na Mont-de-Piété, ofisi ya rehani iliyoidhinishwa na mfalme, ambako unaweka koti la baridi wakati wa joto na kulikomboa baridi ikirudi. Waeleze wanafunzi kwa lugha wanayoijua: ni mitumba, tofauti ni kwamba haikuja kwa meli kutoka mbali, ilishuka ngazi kutoka ghorofa ya juu hadi barabarani katika mji uleule. Basi yule mjakazi wa mchoro amevaa hariri aliyoipata kihalali.

Sasa, kama hariri yenyewe ilishuka hivyo, jicho la mtu wa Paris lilitazama nini? Lilitazama weupe kwanza.

Chini ya koti na gauni kila mtu alivaa kitani mwilini: shati kwa mwanamume, shimizi kwa mwanamke. Sehemu ndogo za nguo hiyo zilichomoza shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na hapo ndipo macho yalipotua. Koti la hariri halikufuliwa, kitani ndicho kilichofuliwa, na kukifua kulikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Nguo zilipangwa ndani ya pipa kubwa, juu yake kikawekwa kitambaa chenye majivu ya kuni, kisha maji ya moto yakamiminwa, yakachujika kupita katika majivu na nguo, yakakingwa chini, yakachemshwa na kumiminwa tena kwa saa nyingi. Baadaye nguo zilibebwa hadi mtoni, zikapigwa kwa vibao, zikasuuzwa, na penye nafasi zikatandazwa kwenye majani ili jua lizing'arishe. Nyumba kubwa ilifanya kazi hiyo mara chache tu kwa mwaka, jambo ambalo wasomaji hulidhania uchafu. Maana yake ni kinyume: nyumba hiyo ilikuwa na mashati dazeni kwa dazeni, ikaweza kungoja. Mwenye mashati mawili hakuweza kungoja. Alifua kidogokidogo, akavaa likiwa limefifia. Kwa hiyo shati jeupe pe, kila siku, lilisema mambo matatu kwa pamoja: ninayo mengi, ninao wa kunifulia, na mimi sifanyi kazi ya kunichafua. Juu ya hapo iliongezwa lesi ya mikononi na kifuani, iliyoshikizwa kwa mishono michache ili ihamishwe kutoka shati hadi shati. Hata lesi ilikuwa na majira yake: lesi nzito za sindano za Alençon na Argentan zilivaliwa wakati wa baridi, na zile nyepesi za Valenciennes na Malines wakati wa joto. Vivyo hivyo mahameli kwa baridi, tafeta kwa joto. Aliyevaa lesi ghali katika mwezi usio wake alijitangaza kuwa ni mgeni wa mambo, hata kama bei aliilipa.

Jambo la pili lilikuwa mwili wenyewe ndani ya nguo. Msichana wa tabaka la juu alianza mapema kuvaa kibana kiwiliwili chenye vifito vya mfupa wa nyangumi, kilichorudisha mabega nyuma na kuunyoosha mgongo. Mvulana alifunzwa na mwalimu wa dansi namna ya kusimama, kuvua kofia, kuweka mguu mmoja mbele. Ukimpa mpishi koti la duke, koti litafika lakini mkao hautafika. Hili ni la bure kabisa kwa igizo lenu, na ningeanza nalo kabla ya kununua hata uzi.

Versailles ilikuwa na ngazi zake za ziada. Mwanamke aliyetambulishwa rasmi kwa mfalme alilazimika kuvaa vazi kuu la ikulu, lenye kiwiliwili kigumu kilichofungwa kwa kamba mgongoni, sketi pana na mkia mrefu wa kuburuza, mtindo uliowekwa enzi za Louis wa Kumi na Nne na kung'ang'aniwa hadi Mapinduzi huku mitindo ya mjini ikiupita. Kuanzia mwaka 1760 familia iliyotaka heshima hiyo ilitakiwa kuthibitisha ukabaila wake kurudi nyuma hadi mwaka 1400, ingawa mfalme aliweza kutoa ruhusa ya pekee. Madame de Pompadour, mzaliwa wa mabwanyenye wa Paris, alitambulishwa mwaka 1745 kwa sababu Louis wa Kumi na Tano alitaka iwe hivyo. Visigino vyekundu vya viatu vilikuwa alama ya watu wa ikulu. Lakini mwanamume yeyote aliyevaa kwa heshima aliweza kuingia kutazama vyumba vya hadhara vya kasri, na kama hakuwa na upanga, langoni walikuwepo wa kumkodisha. Alama ya damu ya kikabaila ikawa inapatikana kwa kukodi! Waambie wanafunzi hilo, wataikumbuka kuliko tarehe.

Katika miaka thelathini ya mwisho mambo yalizidi kuchanganyika. Marufuku ya chiti ilipoondolewa, mfanyabiashara Oberkampf alifungua kiwanda chake cha chiti Jouy-en-Josas, karibu na Versailles, mwaka 1760, na pamba yenye maua ikawafikia wake wa wenye maduka na wajakazi. Sehemu ya pamba na nili iliyotumika Ufaransa ililimwa na Waafrika watumwa huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti; hilo lisiachwe nje ya darasa. Kwa upande mwingine wakubwa walianza kuvaa kwa wepesi. Wanaume waliiga koti la sufu lisilo na nakshi kutoka Uingereza. Malkia Marie-Antoinette mwenyewe, kupitia picha iliyochorwa na Élisabeth Vigée Le Brun na kuonyeshwa hadharani mwaka 1783, alionekana katika gauni la melimeli nyeupe lililofungwa mshipi kiunoni, na kofia ya majani makavu. Watu walisema amejionyesha na shimizi. Picha iliondolewa na nyingine ikawekwa, amevaa hariri na kushika waridi. Wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon nao walilalamika, kwa kuwa malkia asipovaa hariri wao hukosa mkate.

Wala usidhani wepesi ulimaanisha unafuu. Bajeti ya mavazi ya malkia ilikuwa livre 120,000 kwa mwaka, na mwaka 1785 matumizi yalifika takriban 258,000. Hifadhi ya Taifa ya Ufaransa bado inacho kitabu cha mavazi yake cha mwaka 1782: vipande vidogo vya vitambaa vimebandikwa kwenye kurasa, kila kimoja na jina la mshoni aliyepewa kazi. Asubuhi aliletewa kitabu, akachomeka pini kwenye kipande cha vazi alilotaka siku hiyo. Matundu ya pini yapo hadi leo. Mmoja wa watu waliotajirika kwa mapambo yake alikuwa Rose Bertin, mwanamke wa familia ya kawaida kutoka Abbeville, mwenye duka katika mtaa wa Saint-Honoré.

Ndiyo maana tukio la Mei 1789 lina uzito, na ningekushauri lipate nafasi yake jukwaani. Mfalme alipoitisha Baraza Kuu la Matabaka, yaani mkutano wa wajumbe wa makasisi, makabaila na Tabaka la Tatu, ofisi ya itifaki ilitoa maagizo ya mavazi. Wajumbe wa makabaila: hariri nyeusi yenye mapambo ya dhahabu, lesi shingoni, soksi nyeupe, kofia yenye manyoya meupe. Wajumbe wa Tabaka la Tatu: sufu nyeusi tupu, joho fupi, kitambaa cha melimeli shingoni, kofia isiyo na utepe wala kifungo. Tarehe 4 Mei walipita hivyo kwa maandamano Versailles. Tatizo halikuwa ubaya wa suti. Mwanasheria alikuwa amezoea nyeusi. Uchungu ulikuwa kwamba barabarani, kwa fedha yake, alikuwa tayari anafanana na mkubwa, na sasa serikali inamrudisha mahali pake kwa amri. Mnamo Oktoba mwaka huohuo Bunge likafuta tofauti hizo kwa wajumbe. Tarehe 29 Oktoba 1793 likatangaza kwamba hakuna mtu anayeweza kumlazimisha raia avae namna fulani, kila mmoja yuko huru ndani ya mavazi ya jinsia yake, ila ua la utepe wa rangi tatu, alama ya Mapinduzi, likabaki la lazima.

Tuje kwa fundi wako. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: usigawe fedha sawasawa. Nguo nyeupe ndizo zinunuliwe kwanza: mashati, shimizi, vitambaa vya shingo na vya mabegani, kofia za wanawake. Pamba nyepesi ya bafta inatosha. Duke, duchess na mwanasheria weupe wao uwe wa kung'aa, umetiwa wanga na kupigwa pasi. Za mfanyakazi na mkulima zichovywe kwenye chai ya rangi iliyopoa, zikauke, zisipigwe pasi. Ukifanya hilo tu, nusu ya wahusika wako wameshatambulika.

Duke anahitaji koti, kizibao na suruali inayoishia chini kidogo ya goti, pamoja mita 4 hadi 5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Usinunue satini ya poliesta inayometa. Chini ya taa inang'aa kama karatasi ya pipi na mishono yote inavuta. Kitambaa cha mapazia kisichong'aa sana kinakaa vizuri zaidi. Nakshi ziwekwe kwenye ukingo wa mbele, vifuniko vya mifuko na vikofi vya mikono tu. Wadarizi wa wakati ule walidarizi kitambaa kikiwa bado kimetandazwa, kabla ya kukatwa. Fundi wako naye abandike na kushona tepe hapo, maana koti likishaunganishwa, mkono hauzunguki. Mbele ya koti isifungwe. Inapinda kuelekea nyuma ili kizibao kionekane. Zipu isionekane popote.

Gauni la duchess ndilo litakalowapa taabu. Tenga mita 9 hadi 10 za kitambaa cha upana wa sentimita 140. Upana wa nyonga unatokana na fremu mbili ndogo zinazofungwa kiunoni, moja kila upande, na bomba laini la plastiki la kupitishia nyaya za umeme hufanya kazi hiyo vizuri. Mpangilio ni shimizi, kibana, fremu, sketi ya ndani, sketi ya juu, kisha gauni. Kosa la kawaida la fundi mgeni wa nguo hizi ni kupima urefu wa sketi kabla ya kufunga fremu: zikivaliwa, pande zote mbili zinapanda na miguu inaonekana. Apime fremu zikiwa mwilini, kutoka kiunoni kupita juu ya fremu hadi chini, mbele na pembeni kando kando. Halafu pimeni mlango wa jukwaa. Mbele ya gauni palifungwa kwa pini. Kwa usalama wa mwanafunzi tumieni kulabu zilizofichwa.

Kuhusu kibana, niseme wazi: kwa wanafunzi kisivutwe. Mgongo unyooshwe na vifito vya plastiki ndani ya bitana, na mkono upite kati ya kamba na mwili. Mwigizaji akikosa pumzi au akisikia kizunguzungu, kifunguliwe hapohapo, na mwenye pumu asikivae kabisa bila ushauri wa daktari.

Mwanasheria: nyeusi iliyokolea na iliyomkaa sawasawa, bila pambo hata moja. Rangi nyeusi nzuri ilikuwa ngumu kupatikana na ghali. Nyeusi ya bei ndogo ilichujuka ikawa ya kikahawia. Kwa hiyo weusi wake ndio utajiri wake. Mweke karibu na mtumishi wa mlangoni, ambaye koti lake lina tepe nyingi zenye rangi za nyumba ya duke kuliko za mtu yeyote jukwaani. Mtazamaji ataona kwamba mapambo mengi yaweza kuwa alama ya kumilikiwa na nyumba ya mtu mwingine. Mtumishi huyo hana upanga.

Mke wa mwenye duka avae chiti ya maua madogo, aproni safi, kitambaa cheupe mabegani na msalaba mdogo wa dhahabu shingoni. Usimpe kitenge, maua yake ni makubwa na mtazamaji atahama nchi. Mfanyakazi wa karakana avae jaketi fupi na suruali ndefu. Suruali hiyo ndefu ina maana yake, kwa sababu jina la sans-culottes, wanamapinduzi wa mitaani wa Paris, lilitokana na kutovaa suruali za magotini. Mkulima apate rangi za kitani kibichi na sufu isiyotiwa rangi, na viatu vya mbao. Kwa hao wawili wekeni viraka vilivyoshonwa vizuri badala ya matundu: mtu ambaye nguo ni akiba yake hakuiacha ichanike.

Kwa mjakazi huhitaji kitambaa kipya hata mita moja, kama mtakubali kuonyesha miaka. Tukio la kwanza, duchess anavaa gauni lenye lesi na upindo wa kuburuza. Tukio la tatu, mjakazi anaingia na gauni hilohilo: lesi zimefumuliwa, fremu hazipo, upindo umekunjwa hadi kwenye vifundo vya miguu, aproni imewekwa juu. Duchess wakati huo awe na gauni jepesi jeupe la mshipi, ambalo ni la bei ndogo kushona. Fundi aache pindo la sentimita 15 na mishono mirefu tangu mwanzo ili ubadilishaji uwe wa siku moja.

Mawigi yapunguzeni. Wengi katika miaka ya 1780, hasa wanawake, walitumia nywele zao wenyewe zilizopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga wa wanga, rangi ikawa ya kijivu zaidi kuliko nyeupe. Duke na mtumishi wanatosha kuwa na wigi. Mkitumia wanga wa mahindi, nyunyizieni nje kabla ya kuingia, mbali na mishumaa na taa za moto, kwani vumbi lake hushika moto, na likimwagika sakafuni linateleza.

Mwisho ni hatua ambayo maelezo ya maandishi hayawezi kuifanya. Kabla fundi hajakata kitambaa cha duke na duchess, akate sampuli kwa bafta na muijaribu mwilini mkiwa pamoja. Mgongo wa gauni ukimshinda, msibahatishe: tafuteni mtu aliyeshonea jukwaa, kwa mfano Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo au idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama mko Tanzania, amwonyeshe fundi marinda kwa mikono. Maktaba za Alliance Française, Dar es Salaam au Nairobi, zinafaa kwa kutafuta picha. Tafuteni zaidi picha za nguo zenyewe zilizohifadhiwa, kama zile za makumbusho ya vitambaa ya Lyon, hasa zinazoonyesha upande wa ndani. Michoro humpendezesha mvaaji. Bitana humwonyesha fundi mshono ulipopita, na hicho ndicho anachohitaji kukiona kabla ya kushika mkasi.